Njia ya Minyaa

Wageni wakiniuliza kibanda cha mlima Nyalubele kiko umbali gani, huwa nawacheka kimoyomoyo. Wanataka kilomita. Wanatoa simu, wanapima kwa kidole, wanaona mstari mfupi, wanafurahi. Simu haijui kwamba huku kwetu njia haipimwi kwa kilomita peke yake, inapimwa pia kwa salamu. Ukipita kwenye mji wa mtu, pale anapokaa na watu wake, bila kusalimia umemtukana, na ukisalimia utaulizwa umetoka wapi, wa ukoo gani, mvua huko imenyesha, ng'ombe hawajambo, na kabla hujajibu la mwisho kigoda kimeshaletwa. Nyumba sita ni saa nzima, na hapo hujapanda hata jiwe moja.

Mimi ni Masele. Nilizaliwa Didia, upande wa Shinyanga, nikaja Geita nikiwa kijana kufuata dhahabu kama wenzangu, na dhahabu iliponikataa nikageuka mpeleka wageni mlimani. Kibanda chenyewe si kitu cha kujivunia. Ni vyumba viwili vya mawe na bati, vilivyojengwa zamani kwa ajili ya mlinzi wa msitu, aangalie moto wakati wa kiangazi na kupima mvua wakati wa masika. Lakini ukisimama mlangoni pake siku isiyo na ukungu unaliona ziwa lote mbele yako, na kwa ajili hiyo watu wa mjini wanakubali kuumia miguu.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni Njia ya Mashimo, inapita katikati ya maduara ya zamani, yale mashimo tuliyochimba tukayaacha wazi. Hiyo ni ya mtu aliyechoka na maisha yake. Ya pili ni Njia ya Mgongo, inauzunguka mlima kwa nyuma, saa tano juani, mawe matupu, hakuna nyumba wala tone la maji. Ya tatu ni Njia ya Minyaa. Ni saa mbili na nusu, ina kivuli, ina kisima, na katikati yake kuna mji mmoja tu, uliozungushiwa ua wa minyaa. Njia inaingilia lango la chini la mji ule, inakata uwanja, inatokea lango la juu, na ukishatoka hapo kibanda unakiona.

Mtu yeyote mwenye akili angechagua ya tatu. Mimi kwa miaka kumi na moja niliwapitisha watu wote Njia ya Mgongo. Nasema hili mapema ili ujue unasoma habari za mtu wa namna gani.

Mji ule ni wa mama mkwe wangu. Jina lake sitalitaja, maana mkwe hatajwi, na hilo ndilo tendo dogo la adabu nililobakiza. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao, wamekumbatiana, wanacheka. Sisi tulilelewa vingine. Mkwe na mkwe hawatazamani machoni. Mkikutana njiani wewe mwanamume unaingia porini, unageuza mgongo mpaka apite. Mkiwa na neno la kuambizana, ukuta unakaa katikati, au ua, na kila mtu anasema akiangalia upande wake. Watu wa mjini wanadhani ni uadui. Ni heshima, tena heshima nzito. Na kitu kizito kama hicho, nimekuja kujua, mtu anaweza kujificha nyuma yake miaka na miaka bila kuonekana hata kisigino.

Mke wangu aliitwa Eunice. Alipougua, nilikuwa machimboni, mbali kidogo na hapa, kwenye rashi mpya. Rashi ni pale habari inapotoka kwamba mahali fulani dhahabu imeonekana, na kabla ya jua kutua watu elfu wamefika na sululu. Eunice nilimwacha kwa mama yake pamoja na binti yetu Loveness, aliyekuwa na miaka minne. Siku ya tisa akaja mtu wa pikipiki kutoka kwa mama mkwe. Alinikuta mdomoni mwa duara. Akaniambia mkeo hali yake si nzuri, unaitwa. Nami nikamwambia kesho.

Duara letu lilikuwa limegusa mwamba siku ile ile. Viroba vya mawe vilikuwa vinatoka, na sheria ya duara ni moja, anayeondoka kabla ya mgawo hana kiroba. Nikasema kesho. Kesho yake mgawo ukaahirishwa, nikasema tena kesho. Siku ya tatu nikapata viroba vyangu viwili, na viliposagwa havikutoa hata dhahabu ya pete moja. Nilipofika kwenye ule ua wa minyaa, Eunice alikuwa amezikwa tangu jana yake.

Sikuingia. Nilisimama nje ya ua nikiwasikia wanawake wanalia ndani, na sauti ya mama mkwe ilikuwa miongoni mwao, naijua. Nikajiambia kwamba kwa mila siwezi kuingia mama mkwe akiwa uwanjani. Ni uongo. Msibani kuna utaratibu wake, wazee wangenipokea, wangenikalisha upande wa wanaume. Niliogopa kuulizwa nilikuwa wapi. Jioni ile nikamtuma jirani aniletee mtoto, nikampeleka Kahama, pale Nyahanga, kwa dada yangu Zipora, akalelewa huko. Kwa hiyo bibi yake hakumwona tena. Kaburi la mke wangu nami sikuliona. Watu waliponiuliza kwa nini siendi kule juu nilijibu kwa sauti ya mtu mwenye mila zake: mkwe ni mkwe. Wazee walinisifu. Walisema Masele ni kijana aliyelelewa.

Lakini kazi ya kupeleka wageni ina maswali. Mgeni anaona kwenye simu yake njia fupi, anataka kujua kwa nini tunakwenda ndefu. Nikatafuta jibu. Pale njiapanda, njia zinapoachana, nilikuwa nasimama, naelekeza fimbo kwenye Njia ya Minyaa, nasema, "Hii ni fupi, lakini pale juu kuna bibi. Mimi sipapiti." Kisha natazama chini kidogo, nanyamaza, naendelea na safari.

Sikusema mchawi. Neno hilo halikutoka kinywani mwangu hata siku moja, nami nilijihesabia haki kwa hilo. Lakini wewe unayeijua nchi hii unajua kwamba halihitaji kutamkwa. Bibi anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini, na mtu mzima anayeogopa kupita kwake. Inatosha. Kuna mabibi wa huku kwetu waliokufa kwa maneno machache kuliko hayo. Wageni wa mbali walicheka. Wapagazi wetu hawakucheka. Wapeleka wageni wengine nao wakaacha kuipita njia ile, mmoja baada ya mwingine, mpaka majani yakaanza kuifunika mdomoni. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya saa tano.

Mwaka huu, mwezi wa saba, akaja Mzee Nitin na binti yake Nisha. Mzee Nitin ana duka la vifaa vya ujenzi Kahama, ila amezaliwa Tinde, ambako baba yake Champaklal alikuwa na duka zamani. Huyo Champaklal alikuwa na urafiki na mlinzi mmoja wa msitu, na aliwahi kupanda naye Nitin mpaka kibandani, kijana wa miaka kumi na mitano, wakalitazama ziwa. Sasa Nitin ana miaka sabini na moja na goti la kulia limeanza kumkana. Alitaka aone mara moja tena kabla halijamkatalia kabisa. Aliniambia hivyo kwa Kisukuma, Kisukuma safi chenye sauti ya Tinde, nikaona aibu mimi ambaye changu kimeshaparaganyika machimboni.

Tulipofika njiapanda Nisha alikuwa ameshaiona njia fupi kwenye simu. Akaniuliza kwa upole, kaka Masele, kwa goti la baba si bora hii? Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilimwangalia yule mzee, nikaliangalia goti lake lililofungwa kitambaa cha mpira, na moyoni nilijua kabisa Mgongo utamvunja. Kinywa kikafunguka chenyewe. "Pale juu kuna bibi," nikasema. "Mimi sipapiti."

Nisha akatabasamu, akamtazama baba yake. Mzee Nitin hakutabasamu, maana yeye ni mtu wa huku. Alinikazia macho kwa muda, kisha akasema basi, wewe ndiye mwenyeji, tangulia.

Saa tatu za kwanza alikwenda kwa ubishi. Saa ya nne akawa anakaa kila baada ya hatua thelathini, akisema ni kwa ajili ya kuangalia mandhari. Saa ya tano goti lilikuwa limevimba kama kibuyu, nami na Nisha tumemshika kwapa huku na huku, na hakuna kivuli, na maji tumeshamaliza. Hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu kwangu. Alikuwa anaomba radhi, yeye ananiomba radhi mimi, kwamba anatuchelewesha.

Masalu, mlinzi wa kibanda, alituona kwa mbali akaja na dumu la maji. Alipoona lile goti alinivuta pembeni. Masalu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anayatunza kwa ajili ya siku kama ile. Akaniuliza mtu mwenye goti hili nimempitisha Mgongo kwa sababu gani. Akasema kushuka mtashuka kwa Minyaa, na kama wewe hupapiti basi ubaki hapa, nitamshusha mimi.

Mzee Nitin alikaa mlangoni akalitazama ziwa karibu saa nzima. Sijui aliona nini, mimi nilikuwa natazama njia ya kushukia.

Saa nane tukaanza kuteremka. Nilisema nitawapeleka mwenyewe, maana kumwachia Masalu kazi yangu ingekuwa aibu ya tatu kwa siku moja. Njia ilikuwa laini, udongo mtupu na kivuli, na Mzee Nitin akawa anatembea mwenyewe kwa fimbo. Kila hatua yake nzuri ilinishtaki. Baada ya nusu saa nikaliona lango la juu, na ule ua, minyaa mirefu kupita kichwa cha mtu, mizito, ya kijani. Nikawaambia watangulie, nafunga kamba ya kiatu.

Wakaingia langoni. Nikamsikia Mzee Nitin akikohoa kama mtu aliyelelewa vizuri, kisha akamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Na ile sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya kilio ikaitika na kuuliza hali, "Mwadila, baba. Mhola?" Ikafuata ile safari yote ya salamu, umetoka wapi, wa ukoo gani, na aliposema wa Tinde, mtoto wa Champaklal, mama mkwe akasema baba yako alikuwa akija kununua pamba yetu nikiwa msichana. Vigoda vikaletwa. Nikasikia sufuria ikifunuliwa, harufu ya matobolwa ikanifikia nje, vile viazi vikavu vilivyochemshwa ambavyo Eunice alikuwa akinifungia kwenye kitambaa nikienda machimboni.

Hapo nilipokuwa nimeinama ndipo nikakiona kijia. Kilianzia pale pale nje ya lango, kikaufuata ua kwa nje, upande wa kushoto, kuuzunguka mji wote kwa nyuma. Kilikuwa kimelimwa kwa jembe, upana wa mtu mmoja, majani yamekatwa huku na huku, hata mawe yameokotwa yakapangwa pembeni. Hakikuwa na alama ya unyayo. Nilishangaa, maana zamani hakikuwapo.

Nisha naye alikuwa amekiona. Akamwuliza mwenyeji wao kile kijia ni cha kwenda wapi.

"Kile ni cha mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Nkwilima wangu, mume wa marehemu mwanangu. Ana adabu sana yule. Njia inakata uwanjani na mimi nashinda uwanjani, sasa angepitaje? Nikamlimia ya pembeni. Kila masika naipalilia, maana siku atakayopita siijui."

Mzee Nitin akauliza kama ameshawahi kupita.

"Bado," akasema. "Kazi za machimbo zinambana."

Nilishika ua kwa mkono. Utomvu wa mnyaa ukinigusa macho nitapofuka, najua, na kwa dakika ile sikujali. Miaka kumi na moja. Masika kumi na moja ameinama na jembe, bibi wa umri ule, kwa ajili ya miguu yangu. Mimi masika hayo hayo nilikuwa njiapanda na fimbo yangu.

Nisha akamuuliza kama hapati upweke. Akasema zamani walikuwa wanapita watu wengi, anawauzia uji na viazi, anapata habari za dunia. Siku hizi hawapiti. Akimtuma mtoto wa jirani chumvi, mtoto anaiacha langoni na kukimbia. Mwaka juzi watu walipiga mawe bati lake mchana kweupe, na tangu siku hiyo akilala anaegemeza mchi mlangoni. Alisema hayo bila kulia, kama anayeeleza bei ya mtama.

"Nasikia wanasema pale kuna bibi," akaongeza. "Si uongo. Bibi nipo."

Kukawa kimya. Nilikijua kimya kile kilikuwa cha nani. Mzee Nitin na Nisha walikuwa wamekaa kwenye vigoda vyake, wanakula viazi vyake, na maneno yale yale waliyasikia asubuhi kutoka kwangu. Nilisubiri waseme. Ningekuwa mimi ningesema. Mzee Nitin aliomba tu maji mengine ya kunywa.

Nikaingia kwenye kijia. Sikuwa na pengine pa kwenda. Nilikwenda polepole, na nyuma ya mji, mahali kijia kinapokunja, nikaona alikotaka nifike. Kaburi la Eunice lilikuwa pale, limejengewa mawe, limefagiwa, na msalaba wa mti ambao nadhani si wa kwanza, maana ule wa miaka kumi na moja ungekuwa umeshaliwa na mchwa. Kijia kilipita hatua moja tu kutoka miguuni pake. Hakukuwa na sababu ya kukipitisha pale. Upande wa pili palikuwa pafupi zaidi. Alikikunja makusudi, ili nikipita nimwone mke wangu bila kulazimika kumwomba mtu ruhusa.

Nilikaa chini. Nililia kwa mkono mdomoni, kama mwizi, nikiogopa kusikika. Nilipoinuka fimbo ikagonga jiwe.

"Nani huko nyuma?" sauti ikauliza kutoka ndani ya ua, karibu sana. Alikuwa amekuja upande wa jikoni. Nikakohoa. Mwanamume akikohoa hivyo nyuma ya ua wa mama mkwe wake, hahitaji kutaja jina.

"Loveness yuko darasa la ngapi?" akauliza.

"Kidato cha pili, mayu."

"Anafanana na nani?"

"Na mama yake."

Nikamsikia akivuta pumzi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mayu ni mimi niliyesema, ni mimi niliyewafukuza watu wako. Yeye akawahi.

"Njia ni nzuri?" akauliza. "Haina miiba?"

Nikasema haina miiba. Nikasema asante. Basi, hayo ndiyo niliyosema, nikaondoka nikazunguka mpaka lango la chini, nikawasubiri wageni wangu huko kama mtu aliyetoka kujisaidia.

Chini, kwenye gari, Nisha hakunipa mkono. Alikuwa na haki. Mzee Nitin aliingia kwa shida, akaweka mguu wake vizuri, kisha akashusha kioo.

"Masele," akasema. "Goti langu litapona."

Akapandisha kioo, wakaondoka. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Tangu siku hiyo wageni wangu wote nikawapitisha Njia ya Minyaa. Wao wanapita uwanjani, wanakula matobolwa, mimi nazunguka kwa kijia changu. Wenzangu nikawaambia bibi yule ni mkwe wangu na hana neno. Waliitikia kwa adabu, wakaendelea na Njia ya Mgongo. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nilikuwa nimeyamwaga kwa miaka kumi na moja, kila wiki, mbele ya mashahidi.

Mwezi wa kumi na mbili shule zilipofungwa nikampigia simu dada Zipora anitumie Loveness. Sikumwambia binti tunakwenda wapi, nilisema tu nataka kumwonyesha mlima. Alishuka kwenye basi mrefu, ana shingo ya mama yake, begi mgongoni. Tukapanda bodaboda mbili, na kwa kuwa tulikuwa na mchele na sukari nyingi nikawaomba madereva watufikishe mpaka langoni, pikipiki inafika. Dereva wa Loveness alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, simjui, mgeni wa eneo hili. Alipofika njiapanda akazima pikipiki, na wangu akazima yake.

"Mwisho hapa," akasema. "Pale juu kuna bibi. Mimi sipapiti."

Kisha akatazama chini kidogo na kunyamaza. Yalikuwa maneno yangu, na kile kituo kilikuwa changu, na hata kule kutazama chini kulikuwa kwangu. Mtu ambaye sijawahi kumwona alikuwa amevaa uongo wangu kama shati la mtumba lililomtosha.

Loveness akacheka, mtoto wa mjini. Alipoona yule mtu hacheki akanigeukia. "Baba, kuna bibi gani?"

Ningeweza kusema anatania. Ningeweza kusema chochote, mimi ni fundi wa hapo njiapanda.

"Bibi yako," nikasema. "Mama yake mama yako. Na aliyeanza kusema maneno hayo ni mimi."

Aliteremka, akachukua begi lake, akachukua na mfuko wa mchele kutoka kwenye pikipiki yangu, akauliza njia ni ipi. Nikamwonyesha. Akatangulia, nami nikafuata nyuma na sukari, na safari nzima hakugeuka hata mara moja.

Kwenye ua tukaachana, yeye akaingia langoni, mimi nikaingia kwenye kijia. Nikasikia shikamoo yake. Nikasikia ungo ukianguka, na jina la Loveness likitamkwa mara nyingi, na kilio ambacho sitakieleza. Nilisimama karibu na kaburi nikisubiri kitulie. Kilipotulia nikamsikia binti yangu akisema, kwa sauti ya juu ili nisikie, "Bibi, baba yuko nyuma ya ua. Ana neno la kukuambia."

Nikasema. Nilisema yote, kuanzia mtu wa pikipiki na ile kesho yangu, mpaka njiapanda na fimbo. Nilisema nikiwa nimegeuza mgongo kama mila inavyotaka, na kwa mara ya kwanza nilitamani mila isingekuwapo, nipigwe kofi niishe.

"Nilijua," mama mkwe akasema. "Tangu mwaka wa kwanza nilijua. Maneno ya njiani yanapanda mlima haraka kuliko watu. Nikafikiri, huyu mtu anaogopa kuniona, ndiyo maana anasema hivyo. Basi nimpe njia ambayo hataniona."

Nikamsikia akipangusa ungo, kisha akamwambia Loveness achukue kigoda kile cha jikoni anipelekee huko nyuma, maana baba yako amesimama muda mrefu.